Usifungue Mpaka Nikwambie

Amélie alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, wa kwaya, wa rozari, wa kumtazama padiri kwa jicho kali akiruka mstari wa misa, na kila mwaka alifunga Ramadhani. Nyumbani kwake Nyakabiga, mtaa mmoja wa Bujumbura, jambo hilo lilikwisha kuzoeleka. Mwezi ukiandama, aliacha kula mchana. Jua likikaribia kuzama alikaa kizingitini, akatega sikio upande wa mtaa wa Jabe, na upepo ukimletea adhana ya Msikiti wa Maboti alikunywa maji, akafanya ishara ya msalaba, akala. Ukimwuliza kulikoni, alikujibu, "Ni mambo yangu." Orlane, binti yake wa pekee, alipokuwa mdogo alidhani ni Kwaresima iliyopotea njia.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja, hata majirani wakakosa la kusema. Lakini mwaka huu Amélie alikuwa na sukari. Alianguka jikoni, akalikosa jiko la moto kwa bahati tu, na daktari alipokwisha kumtundikia maji alimvuta Orlane pembeni akamwambia bila kuzunguka kwamba mama huyu akiendelea kufunga, safari nyingine hatamfikisha hospitali akiwa hai.

Orlane kazi yake ilikuwa bandarini, kuwatolea watu mizigo forodhani, na kazi hiyo humfundisha mtu kwamba kila mlango una mwenyewe, ukimpata umepita. Akamfuata padiri. Padiri akaja nyumbani, akaketi kando ya kitanda, akamtangazia mgonjwa kwamba Kanisa limemwondolea kufunga kwa Kwaresima hii.

"Asante, Padiri," alisema Amélie. "Lakini Kwaresima mi niliacha siku ileile daktari alikataza. Mi sina kichwa kigumu."

"Sasa hii unafunga ni nini?"

"Hii haiko yako, Padiri. Unisamehe."

Padiri alikunywa chai yake akaenda zake. Orlane alibaki amesimama kando ya kitanda. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na kwa sababu hiyo alimfokea kama mtoto: hatoki kwenye chumba kile mpaka aambiwe. Amélie akageuza uso ukutani, akasimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa vita. Alikuwa ameshuka mjini kutoka milima ya Kayanza, Kiswahili hajui, mume wake ametoka kwenda kazini hakurudi tena. Mtaa ulipoanza kuungua alimfunga Orlane mgongoni, mtoto wa kunyonya, akakimbia bila kujua aendako, na mwanamke mmoja wa Kiislamu, Mwantum jina lake, alimshika mkono barabarani akamwingiza katika Msikiti wa Maboti, kwenye chumba cha wanawake. Waislamu wa mtaa ule waliwaficha watu bila kuuliza nani ni wa upande gani. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jioni ile wanawake walimwonyesha kwa ishara, wakagusa midomo, wakatikisa kichwa, wakaonyesha jua: mchana sisi tunafunga. Akalishika neno hilo walilolitamka, *funga*. Kwao Kirundi kufunga chakula ni *kwisonzesha*, na kufunga mlango ni *kwugara*. *Funga* lilikuwa neno jipya, na maana yake alikuwa ametoka kufundishwa.

"Asubuhi Mwantum alitoka," Amélie alisema. "Alisimama kwa mulango, akanitazama kwa macho, akasema, 'Funga. Usifungue mpaka nikwambie.' Nikafunga. Magharibi bwana yake Atumani alikuja, akafungua na ufunguo yake, akatupeleka bandarini, tukaingia kwa boti ya mizigo, tukaenda Kigoma. Mwantum sikumuona tena. Hakuniambia."

"Mama! Hiyo ni miaka thelathini!"

"Hata mia. Aliniambia neno moja, na kwa hilo neno we uko hai. Niende kulipunguza mi mwenyewe?"

Huko Kigoma, katika miaka yao ya ukimbizi, alijifunza kwamba kuna kufunga mkanda na kufunga safari na kufunga bao. Hakujali. Mtu akishapewa neno likamwokoa, haanzi kulipekua ndani kuona limeshonwaje. Na waliporudi Bujumbura alikwenda Jabe kumtafuta Mwantum, akaambiwa familia nzima imehamia Uvira, Congo. Akarudi nyumbani na mfungo wake.

Basi Jumamosi Orlane alitoka bandarini mapema, akajifunika kitenge kichwani, akaenda kwa miguu mpaka Msikiti wa Maboti. Hakuwa na hakika anatafuta nini. Labda jamaa wa Mwantum aliyebaki, labda namba ya simu ya Uvira, labda imamu wa kuja kumwambia mama yake maneno mazito ya Kiarabu akaogopa. Alikuwa amepita mbele ya msikiti ule maisha yake yote na hakuwahi kugeuza shingo. Kwa nje ni ukuta mweupe, mnara mfupi usioshinda mnazi kwa urefu, na upande wa pili wa barabara mafundi wa magari wamelala chini ya gari.

Mmoja wa mafundi hao alitambaa akatoka, akajifuta mikono. Jina lake lilikuwa Tajudini, muadhini wa msikiti huo, mwenye mwili wa mtu mmoja na sauti ya watu wawili. Orlane alimwambia anataka kuuona msikiti, maana aliona aibu kuanza na habari za mama yake. Tajudini aliangaza uso mzima.

"Karibu, dada! Watu wanapitaka hapa kila siku, hawaombi kuona. Viatu acha hapo. Haviibiwi. Mwezi huu hata wezi wanafunga."

Walipita kwenye kisima cha kutawadhia, maji yake baridi na safi mpaka unaona jiwe la chini, wakaingia. Orlane aliinua macho, akasahau alichojia.

Dari lilikuwa boti. Boti nzima, kubwa, iliyopinduliwa chini juu: mkuku wake, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, umepita katikati kutoka mlangoni hadi mbele, na mataruma yake, zile mbavu za mbao zinazoshika ubavu wa chombo, yameshuka kulia na kushoto mpaka kwenye vichwa vya kuta. Mbao zilikuwa za libuyu kutoka ng'ambo ya Congo, nyekundu iliyokolea, zimeng'aa kwa uzee. Hakukuwa na nguzo hata moja katikati. Mwanga uliingia kupitia madirisha madogo ukapanda kwenye mbao zile ukatulia, na ndani yake wanaume wachache waliketi wakisoma Kurani kwa sauti za chini. Orlane alikuwa ameona maboti kila siku ya kazi yake, yamesheheni saruji na mchele na magodoro, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa chini ya boti akajisikia salama hivi.

"Wazee walijenga walikuwa watu wa bandari," alisema Tajudini kwa mnong'ono, na mnong'ono wake ulifika mpaka mihrabu. "Walijua kujenga kitu moja tu. Waliambiwa mujenge nyumba ya Mungu, wakasema bon, sawa, nyumba hatujui, boti tunajua. Wakajenga boti, wakaipindua. Ona pale kwa maungo: kalafati. Pamba na mafuta, wameshindilia kama ya majini. Mvua ya Bujumbura imeijaribu hii dari tangu babu yangu hajaoa, haijapitisha tone."

"Ni nzuri," alisema Orlane, akaona neno limekuwa dogo. "Ni nzuri sana, fundi. Sijapata kuona."

"Ona na chini."

Akaona. Mistari ya mazulia ilikwenda mshazari, imekata ukumbi upande, na kila pembeni zulia lilikuwa limekatwa pembetatu ili liishie ukutani. Orlane, ambaye hakuweza kuona kontena limewekwa upande asiseme, aliuliza kama msikiti ulijengwa vibaya.

"Apana! Barabara ndiyo iko vibaya." Tajudini alicheka akaziba mdomo. "Wazungu walichora barabara, wakatoa kiwanja, wakasema ukuta lazima ufuate barabara. Wazee wakasema sawa, bwana, ukuta utafuata barabara. Sisi tutafuata kibla."

Orlane alicheka naye, na kicheko kile kilimfungua. Akamweleza yote, mama yake, sukari, daktari, neno. Tajudini alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema dini yenyewe inamruhusu mgonjwa asifunge, na mwenye kunyonyesha vilevile, tena huyo mama ni Mkristo, nani alimdai?

"Hataki ruhusa," alisema Orlane. "Anataka Mwantum."

"Sasa si umwambie Mwantum?"

"Yuko Uvira."

"Alikuwa Uvira. Mambo ya kule yaliharibika, watoto wake wakamrudisha. Iko mle," akasema Tajudini, akaonyesha mlango mdogo wa pembeni. "Anakaa mle toka adhuhuri mpaka alasiri kila siku. Lakini hodi upige vizuri, iko na hasira yule mama."

Orlane akauendea mlango. Alipiga hodi, akaitikiwa, akaingia.

Chumba cha wanawake kilikuwa kidogo, kina mkeka, almari ya vitabu na dirisha moja. Mlango ulikuwa wa libuyu ileile ya dari, mzito, na kwa ndani ulikuwa na komeo la mbao nene. Orlane alijua bila kuambiwa kwamba ni komeo lilelile. Hapa alikuwa mgongoni mwa mama yake. Hapa alinyonya huku nje watu wanatafutwa. Alitaka kuugusa ukuta, akaona haya, maana kizee kimoja chembamba chenye miwani kilikuwa kikimtazama kutoka mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We ni mutoto wa nani?"

"Wa Amélie. Yule mama wa Kayanza uliyemficha humu wakati wa vita. Na mi ndiye nilikuwa mgongoni."

Orlane alitarajia kukumbatiwa. Mwantum alivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena.

"Iko muzima?"

"Yuko hai, mama. Anaumwa."

"Mungu amusaidie." Kisha akasema, "Namukumbuka. Alikataa chakula yangu."

"Alikataa?"

"Nimesema, alikataa. Barabara zilifungwa, soko iliungua, samaki ya mukeke haipatikani. Mi nilizunguka nikapata mbili. Nikawasha moto, mi mwenyewe nimefunga, nikampikia sababu iko na mutoto ananyonyesha. Ugali na mukeke. Nikaweka pale, nikafunika. Nikaenda kwa dada yangu, fujo ikanizuia kule. Nimerudi, mwenyewe ameshakwenda, na sahani iko vilevile. Hajagusa hata mkia." Sauti yake ilikwaruza. "Nikajua. Mulango yetu ni muzuri kujificha, lakini chakula ya Muswahili, ya Muislamu, apana. Sikumwambia hata Atumani. Iliniuma, mutoto. Iliniuma mpaka Uvira."

Orlane aliketi mkekani bila kukaribishwa. Aliona jambo lote kwa mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mama Mwantum, ulimwambia nini ukitoka?"

"Ningemwambia nini? Wale vijana wa mapanga walikuwa wanapita. Nilimwambia funga! Komeo ile! Funga, usifungue mpaka nikwambie!"

"Mlango."

"Ndiyo mulango! Ningemwambia afunge nini?"

"Mama," alisema Orlane, na hakujua kama analia au anacheka, "Kiswahili hakujua. Neno hilo alilijua kwa maana moja tu, ile mliyomfundisha nyinyi jioni ile. Alifunga. Komeo hakuligusa, ndiyo maana Atumani aliingia na ufunguo; chakula chako hakukikataa. Alifunga kula kwa sababu ulimwambia. Na hujamwambia afungue. Anafunga mpaka leo, Ramadhani zote, na sukari anayo, na daktari amesema atakufa."

Mwantum alitazama komeo. Akatazama mahali fulani sakafuni, penye kona ya mkeka, ambapo bila shaka ndipo ilipowekwa ile sahani.

"Na mutoto mugongoni?" akauliza. "Alishinda na njaa, ananyonyesha, na samaki iko mbele yake inanukia?"

"Ndiyo, mama."

"Subhanallah," alisema Mwantum. Machozi yalimtoka chini ya miwani, hakuyapangusa. "Na mi nikamuchukia. Miaka yote hii nikamuchukia mwanamuke yule, na iko anaishika kauli yangu kuliko watoto nilizaa mwenyewe." Nje ya mlango Tajudini alikohoa kikohozi cha mtu aliyesikia kila kitu. Mwantum hakumjali. Alijikongoja akasimama. "Twende."

Orlane alisema wanaweza kumpigia simu sasa hivi, asihangaike, jua ni kali naye amefunga. Mwantum alimtazama kama mtu aliyesema upuuzi msikitini. Alisema neno lenyewe alilitoa kwa mdomo, mlangoni, na atalirudisha kwa mdomo, mlangoni. Na kwanza watapita sokoni.

Wakapita sokoni Jabe. Mwantum aliwapindua mukeke wa watu, akawanusa, akagombana na muuzaji kuhusu macho ya samaki, akapata mbili. Akapika nyuma ya nyumba ya mwanawe, amefunga, moshi unamwingia machoni, hataki kusaidiwa hata kukata kitunguu. Orlane alikaa kwenye kigoda akimwangalia na akajisikia mwenye bahati kupita watu wote wa Bujumbura, maana ni nani hupewa nafasi ya kuona kwa macho yake jinsi alivyopikiwa mama yake siku ile? Ugali uliwekwa kidogo, kwa ajili ya sukari. Sahani ilifunikwa kwa nyingine, ikafungwa kwa kitambaa.

Mafuta ya gari hayakupatikana wiki hiyo, kwa hiyo walikwenda kwa miguu hadi Nyakabiga, Mwantum mbele na sahani yake, hataki kubebewa. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Orlane alitoa ufunguo mkobani. Mwantum akamshika mkono.

"Weka hiyo. Atumani alifungua na ufunguo, ndiyo sababu tuko hapa."

Akasogea mbele, akapiga hodi kwa kifundo cha kidole.

"Amélie! Mi Mwantum. Wameshapita. Fungua!"

Ndani hakukuwa na sauti. Orlane aliogopa, akafikiria kitanda, akafikiria sakafu ya jikoni. Kisha wakasikia ndara zikiburuzwa, polepole, zikisimama, zikiendelea. Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka, na Amélie alisimama pale na gauni lake la kulalia, rozari mkononi, amekonda, anamtazama mwanamke yule juu hadi chini akimtafuta kijana wa zamani ndani ya kizee hiki.

"Nimefungua," alisema Amélie.

"Hiyo ni mulango. Ndiyo ile nilikuwa nasema tangu zamani, mulango! Sasa fungua na kinywa."

Amélie hakuelewa mara moja. Alipoelewa alifunika uso kwa mikono miwili, na Mwantum, ambaye mikono yake ilishika sahani, alimwegemezea paji la uso begani. Walikaa hivyo mlangoni, mpaka jirani mmoja akapunguza redio ili aone vizuri.

Wakamketisha. Mwantum alifungua kitambaa, akaondoa kifuniko, harufu ya mukeke ikajaa chumbani. Amélie alinawa, akapeleka mkono, akausimamisha hewani. Akatazama dirishani.

"Jua bado. Maboti hawajaadhini."

"Leo mi ndiye adhana yako. Kula."

Akala. Alikula taratibu kama watu wa milimani wanavyokula samaki, kwa kuogopa miiba, na Mwantum aliketi mbele yake, midomo imekauka kwa mfungo wake mwenyewe, akimsindikiza kila tonge kwa macho. Amélie alimaliza samaki wa kwanza, akamaliza wa pili, akazoa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ugali.

Mwantum aliichukua sahani. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, kisha akamnyooshea Orlane aione.

"Umeona?" alisema. "Hakuacha kitu."